Mwalimu Cicily Ciakuthii na Mstari wa Nyumbani

Mwalimu Cicily Ciakuthii alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 kule Kanja, Embu, mtoto wa pili wa marehemu Mzee Bundi. Wa kwanza ni mimi, Kinyua, ninayewasomea haya. Alisoma papo hapo Kanja, akahitimu ualimu mwaka 2003. Tangu utotoni hakujua kuficha neno, na nyinyi mnalijua hilo.

Mwaka 2004 alianza kufundisha sayansi ya nyumbani katika sekondari moja karibu na Nkubu. Wanafunzi walijibu vizuri kila swali la faida za nyanya, halafu mapumzikoni wakamwagia chipsi zao sosi nyekundu ya chupa. Mmoja alimwambia, "Madam, nyanya ni ya mtihani. Sosi ndio tamu." Alicheka, lakini hakukubali. Mwaka 2018 akaanzisha nyanya mbichi kila Jumatano, moja kwa kila mwanafunzi, naye akila mbele yao. Nyanya hizo zilitoka shambani kwangu Kanja.

Tarehe 16 Desemba 2006 alifunga ndoa na Mutwiri, aliyekubali kula bila kuongeza chumvi mezani miaka yote hiyo.

Agosti 2022 alikuja Kanja, akanyoosha mkono kuchuma nyanya shambani. Nikamwambia, "Wacha hizo, nilipiga dawa jana. Chuma kwa mstari wa nyumbani." Wakulima mliopo mnanielewa, ndiyo maana mmeinamisha vichwa: kuna mstari wa kula, usiopigwa dawa, na kuna mistari ya kuuza. Akaniuliza, "Na za watoto wangu wa shule, unatoanga wapi?" Nikageuka kutazama mistari ya kuuza. Alikuwa amewalisha kwa mkono wake kitu ambacho mimi nisingewapa wangu.

Shule ilipofunguliwa alisimama paredi, akawaomba msamaha. Walirudi kwa sosi yao. Kanja hakukanyaga tena.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2024. Alilazwa, akatoka, akalazwa tena, mpaka Jumatatu, tarehe 9 Juni 2025, alipotuacha. Madaktari hawakutaja dawa za shamba. Mimi sikuwauliza, niliogopa jibu. Nilienda kumwona mara tatu, na mara zote alinipa mgongo, akageukia ukuta. Inaniuma, na ni haki yangu iniume.

Ameacha mumewe Mutwiri, binti yao Gatwiri, mimi kakaye, na wanafunzi wasiotaka tena kuona nyanya. Chakula cha leo msikiogope. Nyanya zote zimetoka mstari wa nyumbani. Ile mingine nimeing'oa, tena nimechelewa.

Pumzika kwa amani, Cicily. Leo wageni wako wanakula tunachokula sisi.