Mkono wa Asubuhi na Mkono wa Mchana

Benchi letu nililitengeneza mwenyewe, kwa mbao zilizobaki za kitanda cha bwana mmoja aliyeghairi kuoa. Kila anayekaa upande wa kulia hulalamika kwamba mguu mmoja ni mfupi, nami humjibu kwamba mguu ni mzima, ardhi ndiyo iliyobonyea. Liko kwenye kona, linatazama mtaa: nguzo ya umeme iliyoinama, kibanda cha kinyozi, tangi jeusi juu ya paa, na kilima nyuma ya vyote. Ng'ambo ya barabara ni nyumbani kwangu, penye geti la bluu. Bi Birika huuza kahawa hapo tangu asubuhi mpaka birika likauke. Ukiniondoa mimi, wateja wake wa kudumu ni watatu. Wa kwanza ni fundi rangi, tunamwita Mikono Miwili, kwa sababu kwake hakuna jambo duniani lisilohitaji mkono wa pili wa rangi. Wa pili ni fundi viatu, tunamwita Wakili, ingawa mahakamani hajawahi kufika ila siku alipopeleka soli za karani. Wa tatu ni fundi cherehani, Shemeji, mdogo wake marehemu mke wangu. Mimi ni seremala, na siku hiyo niliwabebea picha kumi na tisa.

Nilizipanga chini, zikiegemea ukuta, kutoka ya kwanza hadi ya mwisho. Kila moja ni kipande cha plaiwudi, ukubwa wa sinia. Kila moja ina makopo matatu ya maua: waridi, lile jeupe, na la tatu ambalo hakuna aliyelijua jina, mke wangu akaliita Mgeni.

— Nataka mniambie kweli, nikasema. Mkono wangu umeharibika?

— Fundi, sisi tumekuja kunywa kahawa, alisema Wakili.

— Kunywa huku unatazama.

Mikono Miwili aliinuka, akapita mbele ya picha kama anayekagua ukuta wa mwenzake.

— Hii ya kwanza ni waridi, akasema. Hii ya kumi ni waridi lenye mafua. Hii ya mwisho, unisamehe, Fundi, ni tambara la jikoni.

— Dada yangu hakuwahi kupanda tambara, alisema Shemeji.

— Ndiyo maana nauliza, nikasema.

Walijua habari yenyewe, lakini niliwaeleza tena, polepole, maana mimi siwezi kusema upesi. Mke wangu alitutoka miezi miwili iliyopita. Siku ya mwisho kuzungumza nami, pale hospitali, aliniambia maneno mawili. La kwanza, "Maua yangu uyaangalie kila siku." La pili, "Nawe utoke nje, usijifungie." Mimi ni mtu wa kushika neno kama lilivyosemwa. Ukiniagiza meza ya futi nne sikuletei ya futi nne na inchi. Wageni wa msiba walikaa zaidi ya mwezi, nyumba imejaa shangazi na binamu, hata nafasi ya kuyaona maua sikuwa nayo. Walipoondoka wote, nikaanza. Lakini kukaa natazama tu, bila kazi mkononi, siwezi. Dakika mbili na akili imekwenda kwenye ule upande wa kitanda ulio mtupu. Nikamwomba Mikono Miwili mabaki ya rangi ya maji. Tangu hapo, asubuhi nikishasali, natoka, nakaa hapa benchini, nauchora mtaa. Mchana nikishakula, naingia chumba cha nyuma, nayachora maua. Siku kumi na tisa. Sijaruka hata moja.

— Kama mkono umekataa, nikamaliza, niambieni niache. Lakini nikiacha, neno lake nalo nitakuwa nimeliacha. Hapo ndipo nilipokwama.

Bi Birika alinijazia kikombe bila kuulizwa.

— Mbona za asubuhi ni nzuri? akasema. Juzi nguzo uliinamisha sawasawa na ilivyo. Nilidhani nimeiona kwenye kioo.

— Nzuri mno, alisema Wakili. Kinyozi kaingiza viti vyake ndani kwa sababu ya uzuri huo. Kamwona Fundi kanyosha brashi mbele, kafumba jicho moja, kaenda kueneza kwamba watu wa barabara wanapima, kesho wanabomoa.

— Nilikuwa napima nguzo.

— Si ndiyo hayo? Ulikuwa unapima! Leo mtu ananyolewa ndani gizani, anatoka ana kisiki kisogoni, kwa sababu yako.

— Tusitoke kwenye jambo, alisema Mikono Miwili. Huyu mtu ana mkono mmoja wa kulia. Asubuhi unazidi kuwa mzuri, mchana unazidi kuwa mbaya. Mkono ni ule ule, brashi ni ile ile, rangi nimempa mimi. Sasa?

— Sasa wewe ndiye mwenye rangi, jibu, alisema Wakili.

— Mkono wa pili. Hajapiga mkono wa pili. Ua lolote ukilipiga mkono mmoja, linanyauka.

— Ukutani?

— Popote!

— Nilipiga mikono miwili tangu picha ya sita, nikasema. Likazidi kuinama.

Mikono Miwili alikaa upande wa kulia, benchi likayumba, akalaumu mguu.

Wakili alivua miwani. Huivua anapotaka kushinda.

— Nisikilizeni. Asubuhi anachora kabla ya kula. Mchana anachora amekwisha kula. Shibe hiyo. Damu yote iko tumboni, mkono unabaki na nini? Mimi mwenyewe kiatu cha mchana hukishona kikaenda upande.

— Viatu vyako vyote vimekwenda upande, alisema Bi Birika.

— Kuna siku nilifunga, nikasema. Picha ya kumi na mbili. Hebu itazame.

Wakaitazama. Ya kumi na mbili ilikuwa mbaya kuliko ya kumi na moja.

— Basi si shibe, akasema Wakili, kwa hasira, kama vile mimi ndiye niliyeitaja.

— Ni chumba, alisema Shemeji. Chumba cha nyuma kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta. Dada alikuwa akisema mle hata uzi mweusi hauonekani.

— Uzi mweusi popote hauonekani gizani.

— Wewe Wakili, nazungumza na shemeji yangu.

— Mwanga si kitu, alisema Mikono Miwili. Sasa nimekumbuka. Ile nyekundu niliyompa ilibaki kwenye kazi ya choo cha shule. Watoto walikuwa wakiipiga mpira kabla haijakauka. Rangi ikipigwa hivyo ikiwa mbichi hupata woga. Ukiipaka baadaye inajikunja yenyewe.

— Rangi ina woga? aliuliza Wakili.

— Miaka ishirini na sita naishika! Utaniambia nini wewe wa gundi?

Niliwaza kuzikusanya picha zangu niende zangu. Niliomba subira, kimoyomoyo, kwa mara ya tatu tangu nikae. Niliwauliza swali moja, na tayari tumefika kwenye choo cha shule.

— Mimi nadhani, alisema Wakili, na safari hii alishusha sauti, nadhani tatizo ni kule kutazama kwenyewe. Fikirini. Kumchora mtu ni kumtoa kitu. Fundi kalitoa waridi kitu mara kumi na tisa. Ua lina uhai kiasi gani? Ukichota, ukichota, ukichota! Kayamaliza! Maua yamehamia kwenye plaiwudi.

— Basi mbona kwenye plaiwudi nako yamekwisha? aliuliza Bi Birika.

Wakili alivaa miwani tena.

— Na mtaa je? alisema Mikono Miwili. Kauchora mara kumi na tisa, mbona haujaisha?

— Mtaa ni mkubwa.

— Au ni dada, alisema Shemeji, taratibu, akitazama kikombe chake. Pengine anayavuta maua yake. Pengine hapendi…

— Shemeji, hapo usifike, nikasema. Aliye kwa Mungu hana kisasi na kopo la maua.

Alikizungusha kikombe mkononi. Nami sikupenda sauti yangu ilivyotoka. Yule alikuwa dada yake kabla hajawa mke wangu.

— Jawabu ni rahisi, alisema Wakili, maana kimya humchosha. Ubadilishe. Maua uchore asubuhi hapa nje, mkono ukiwa mzuri. Mtaa uchore mchana, chumba cha nyuma.

— Mtaa nitauingizaje chumbani?

— Hayo ni ya ufundi, mimi nimekupa sheria.

Nilikuwa nimeishika picha ya kwanza, kwa kweli kabisa nimeinuka, alipofika mwanamke mmoja mwenye daftari kubwa kwapani na tochi ndogo shingoni. Alikuwa msoma mita za maji, mgeni katika mtaa wetu. Yule wa zamani, mzee mwenzetu, alikuwa akiandika namba akiwa barabarani bila hata kugonga, na hakuna aliyelalamika.

— Shikamooni wazee. Nyumba ya geti la bluu ni ya nani?

— Ya huyu msanii, alisema Wakili.

— Marahaba, mama, nikasema. Ni yangu.

— Naomba unifungulie. Jirani zako wote nimewasoma, umebaki wewe.

Nilipapasa ufunguo mfukoni. Alipokuwa akingoja, alizitazama picha. Alipita mbele yake moja moja, tangu ya kwanza hadi ya kumi na tisa, akarudi tena hadi ya kwanza.

— Haya ni maua yale yale?

— Yale yale.

— Na wewe umeyachora kama yalivyokuwa siku hiyo?

— Sikuongeza, sikupunguza.

— Nani huyamwagilia maji?

Bi Birika alikuwa anamimina. Aliacha kumimina.

Nilimtazama Shemeji. Shemeji alinitazama mimi. Wakili aliinua kidole, kidole kikabaki juu.

— Si wale shangazi? akasema Mikono Miwili.

— Waliondoka, nikasema. Siku moja kabla ya picha ya kwanza.

— Mimi nilidhani mke wa Shemeji, alisema Bi Birika.

— Mke wangu alidhani Fundi mwenyewe, alisema Shemeji. Makopo yalikuwa barazani, mvua inayafikia. Mimi ndiye niliyeyaingiza ndani siku ya msiba, watu wasiyakanyage. Shemeji! Dada si alikwambia uyaangalie?

— Nimeyaangalia, nikasema.

Nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, ndipo nilipolisikia alivyolisema yeye. Miaka thelathini na mmoja alikuwa akisema niangalie sufuria, niangalie mtoto, niangalie mlango, na hata siku moja hakuwa na maana kwamba nikae nivitazame.

— Maji ya kuoshea brashi huwa unayaweka wapi? aliuliza Mikono Miwili, kwa upole ambao sijauzoea kwake.

— Mezani. Kando ya waridi.

Hakuna aliyecheka. Ningefurahi mmoja wao angecheka.

— Kahawa imeisha, alisema Bi Birika, na hiyo haikuwa kweli. Alimwaga mashapo na kahawa nzima iliyobaki, akalisuuza birika kwenye ndoo yake, akavuka barabara nalo. Tukamfuata sote, Wakili akiwa amebeba picha nne ambazo hakuna aliyemwambia abebe.

Nilifungua geti. Yule mama akachuchumaa kwenye mita yake na tochi.

— Mwezi uliopita ilikimbia, alisema, akifuta vumbi. Mwezi huu ni kama imelala.

Chumba cha nyuma kilinuka rangi. Maua yalikuwa mezani kama nilivyoyaacha jana, na kama nilivyoyachora. Katika hilo sikuwa nimekosea hata kidogo. Lile jeupe lilikuwa limekwenda, likavunjika nilipoligusa. Nililiomba radhi. Mgeni alikuwa na jani moja. Kwenye waridi nilifanya ninavyofanya ninapoujaribu mti kama umekauka: nilikwangua gome kwa ukucha, chini kabisa, karibu na udongo. Sikuona kitu. Nikashuka tena kidogo, nikakwangua.

— Je? aliuliza Shemeji mlangoni. Sauti ilikuwa ya dada yake kabisa.

— Bichi, nikasema. Ukubwa wa punje ya mchele. Lakini ni bichi.

— Basi usilikwangue-kwangue, maji kwanza! alisema Bi Birika, akampa Shemeji birika. Naye alikimbia nalo uani, na tukasikia bomba likikohoa, kisha likifunguka.

— Kiasi gani? aliuliza kwa sauti kutoka uani. Dada alikuwa anayapa kiasi gani?

Tulitazamana. Hilo nalo hakuna aliyelijua.

— Mikono miwili, alisema fundi rangi. Kidogo sasa, kidogo tena jioni.

Sijui kama ndivyo. Ila ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kumsikia mtu akisema jambo la kufanyika. Nililipokea birika, bomba Shemeji kaliacha wazi uani, nikamimina, na udongo ulikuwa mkavu hata maji yalikaa juu kwa muda, kama yanayosita, kabla ya kuanza kuzama.

— Mzee! aliita yule mama kutoka getini. Inazunguka!

Nikamwambia aiache izunguke.