Namba Nne ya Sostenes

Asubuhi ile, kwenye benchi la kahawa hapa Segese, tulikuwepo hawa: Donatus Kulwa, anayeitwa Injinia ingawa hakusomea uinjinia, George Masanja, anayeitwa Spika, Mihayo Ndaki, baba yake Blessing, ambaye hana jina la utani, Violeth Kashinje, mwalimu wa kompyuta, Kudra Ramadhani, mwenye birika, na mimi. Sostenes Lukelesha hakuwepo, alikuwa amelazwa Kahama. Yeye, Donatus, George na Mihayo ni wa kikundi kimoja cha wachimbaji sita. Kila asubuhi simu ya Violeth huwachagulia namba ya atakayetangulia kushuka duarani, yaani shimoni, kukagua matimba, yale magogo yanayozuia udongo usiporomoke. Hakuna anayeipenda kazi hiyo.

— Tano tena! — alisema Mihayo. — Mwalimu, simu yako ina nini na mimi? Tangu Sostenes alazwe nashuka mimi tu.

— Simu inajua mwenye mwili — akasema George. — Mimi ikiniona inanihurumia.

— Acha hizo, Spika. Ni sumaku — akasema Donatus. — Chini yetu kuna mwamba wa dhahabu, ndio unaoivuta tano.

— Dhahabu haivutwi na sumaku, Injinia — akasema Violeth.

— Ya Segese inavutwa.

— Ingekuwa inavutwa — akasema Kudra — ungekuwa bado unakalia benchi langu?

Violeth alitugeuzia simu. Programu yake haina maandishi mengi. Ni vipande vya rangi vinavyopachikwa kimoja chini ya kingine. Cha kijani kilichagua namba, moja hadi sita. Cha njano kilisema: ikitoka nne, ongeza moja.

— Nne ni Sostenes — akasema. — Anaumwa, hashuki. Kwa hiyo nimeiruka.

— Umeiruka ukaniangukia mimi! — Mihayo alisimama. — Ikitoka tano, mimi. Ikitoka nne, mimi. Juzi udongo ulinifika magotini mule, Mwalimu!

Violeth alivipitia vile vipande kwa kidole.

— Kweli. Nisamehe, Baba Blessing.

— Futa nne kabisa — akasema George. — Tubaki watano.

— Ukimfuta, mgao wake wa mawe ya dhahabu je? — akauliza Donatus. — Si tunagawana kwa namba hizo hizo?

— Hafutwi mtu hapa — akasema Mihayo. — Mimi nataka haki yangu, sitaki ya Sostenes.

Violeth aliondoa kipande cha kuongeza, akapachika kingine: ikitoka nne, irudie kuchagua mpaka itoke nyingine. Nne ikabaki mahali pake, ila haishushi mtu. Akabonyeza.

— Mbili.

— Mbili ni nani? — akauliza Donatus, ingawa anaijua namba yake.

— Vaa kofia, Injinia — akasema George. — Kaisalimie sumaku yako.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Bhoke Mwita, mke wa Sostenes, akitoka Kahama na begi lake. Alinipa shikamoo, akakataa kahawa, akaitazama simu mkononi mwa Violeth.

— Nne mmeiacha?

— Tumeiacha, shemeji — akasema Mihayo. — Ni yake mpaka arudi.

— Na asiporudi, itakuwa ya nani?

Sostenes Lukelesha alikuwa amefariki alfajiri ya siku hiyo, hospitalini Kahama.