Mzee Miguu Mitatu na Shamba Alilolichora Bila Kuliona

Mzee tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 9 Aprili 1949, msimu wa kupanda, katika nyumba ya udongo iliyokuwa ukingoni mwa mto. Alikuwa kitindamimba wa watoto watano. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alichelewa kuongea kwa sababu alikuwa bado anaangalia.

Alianza shule mwaka 1957, akaishia darasa la saba. Somo alilokumbukwa nalo ni jiografia, na si kwa alama nzuri. Mwalimu aliwaambia wachore ramani ya kijiji. Yeye akaweka njia, mto, kisima na ng'ombe watatu.

"Ng'ombe hawawekwi kwenye ramani," mwalimu akasema.

"Lakini wapo, mwalimu. Chungulia dirishani."

Alichapwa, ila ng'ombe hakuwafuta. Tangu siku hiyo mpaka uzeeni neno lake lilikuwa hilo hilo: nachora ninachokiona.

Mwaka 1967 alikuja mjini kujifunza kuandika mabango. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa, katikati ya fundi cherehani na fundi redio. Aliandika majina ya maduka na kuchora vichwa vilivyonyolewa vizuri kwenye kuta za vinyozi. Kazi ikipungua, alitoa kibao chake cha miguu mitatu, akakisimamisha barabarani na kuchora alichokiona: nguo zilizoanikwa kwenye vibaraza, foleni ya maji, mvua ikimfukuza muuza magazeti. Fundi redio, ambaye yuko nasi hapa, hakumwacha apumue.

"Sasa wewe, barabara hiyo hapo, unaichora ya nini? Nani atatundika ukutani kitu anachokikanyaga kila siku?"

"Wewe tengeneza redio yako. Inakoroma."

Jumapili alipanda baiskeli, kibao mgongoni, akaenda mashambani nje ya mji. Huko ndiko alikopata jina la Miguu Mitatu, na ndiko alikopata mke. Ilikuwa Mei 1974. Alikuwa amesimama pembezoni mwa shamba la mahindi, jicho moja amelifumba, anapima kwa brashi, pale msichana alipotokeza kwenye mistari na jembe mkononi.

"Wewe mpima ardhi! Hapa hapauzwi. Kunja hiyo miguu yako mitatu uondoke kabla sijamwita baba."

Aligeuza kibao upande wake. Msichana akatazama kwa muda, kisha akasema, "Mahindi ya baba yangu si mafupi hivyo."

Akayarefusha palepale. Msichana huyo ndiye bibi yetu. Walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa watoto watatu.

Kwa miaka mingi marehemu alilichora shamba la mkwewe, likiwa na umande, likiwa na mavuno, likiwa tupu. Picha zote zilipata wenyewe, zikaenda. Bibi alipomwambia abakize hata moja ya ukuta wao, alicheka. "Shamba lipo. Linakimbilia wapi?" Na watu wa kule walimzoea, wakaacha hata kugeuka wakimwona. Ndiyo maana mwaka 1993, walipofika vijana wenye vyombo vya miguu mitatu, wakifumba jicho moja, baba mkwe hakushtuka. "Ni wenzake mkwe wangu hao," alisema, akawapelekea maji ya kunywa na kiti. Hawakuwa wachoraji. Mwaka uliofuata shamba likawa kituo cha malori. Mzee yule akahamia mjini kwa binti yake, na kila akiamka aliuliza kama kule kumenyesha. Alifariki mwaka 1996.

Tangu hapo Bibi alimwomba mumewe kitu kimoja tu, amchoree shamba la baba. Marehemu alikuwa mtu mpole, asiyejua kusema hapana kwa mtoto wala kwa mteja, lakini kwa hili aligeuka jiwe.

"Siwezi kuchora nisichokiona, mama watoto."

"Mimi naliona kila siku."

"Macho yako hayawezi kuuongoza mkono wangu."

Kila Mei alikwenda kwenye kituo cha malori, akasimama palepale, akachora malori. Picha hizo zipo nyumbani, zimeegemezwa nyuma ya kabati. Bibi alizipangusa vumbi uso wake ukiwa pembeni.

Mwaka 2017 macho ya marehemu yalianza kufifia. Daktari alisema ni presha ya macho, na kufikia 2020 giza lilikuwa limefunga. Moyo nao ukaanza kuchoka. Akawa mtu wa kukaa karibu na dirisha, mikono mapajani. Fundi redio alimletea redio nzuri kabisa, akaizima.

Mwezi Machi mwaka huu, mchana, alimwita Bibi. "Nisimamishie kibao. Sasa sioni lolote. Shamba na malori kwangu ni mamoja. Haya, sema unavyoona."

Bibi akavuta kigoda. Alimwonyesha pa kuanzia, akamshika kiwiko mstari ulipokwenda kombo. "Njia inapanda hivi. Aa, huko umeshaingia kwa jirani!" Walibishana mpera ulisimama upande gani wa jiko, wakabishana mpaka wakanuniana, wakapatana, wakaendelea. Walipofika kwenye mahindi, rangi ya kijani iliisha. Duka lilikuwa mbali, na siku ile mkono wa mzee ulikuwa na nguvu ambazo hakuna aliyejua kama kesho zingerudi. Bibi akampa kopo la buluu, akanyamaza.

Mzee akalipima kiganjani.

"Kopo hili zito. La kijani lilikuwa jepesi."

Bibi akamshikisha brashi.

"Wewe unaona rangi gani?"

"Naona kijani. Kile cha kwetu, mvua ikishapita."

"Basi ni kijani," akasema, akachovya brashi, akapaka hadi mwisho wa shamba.

Alifariki nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, moyo wake uliposimama. Bibi alikuwa amemshika mkono. Picha ndiyo hiyo hapo kando ya jeneza. Mtakaopita kuaga, mkiona mahindi ya buluu msiulize. Leo jioni itatundikwa ukutani, na Bibi amesema ukuta wote uachwe kwa hiyo moja.

Marehemu ameacha mjane, binti wawili na mwana mmoja, wajukuu saba, dada yake mkubwa, na rafiki yake fundi redio.

Mungu ampe mapumziko mema, mahali penye mwanga wa kutosha.