Shairi la Visanduku

GUNVOR: Haloo? Nani mwenzangu?

SIXTEN: Mimi, dada. Niko nyumbani kwa baba, mbele ya kompyuta yake. Anaendeleaje huko hospitali?

GUNVOR: Anapumua, anaacha, anapumua. Nesi kaniambia nisitoke hata kufuata kahawa.

SIXTEN: Amekutambua?

GUNVOR: Wapi! Jana kaniita mwanafunzi mvivu. Kilichobaki kichwani mwake ni zile herufi za Kigothi, lugha ile iliyokufa, alizofundisha chuoni hapa Uppsala. Umelipata lile shairi?

SIXTEN: Alilomsomea mama kaburini? Faili lipo. [mkwaruzo] Ila badala ya herufi ni visanduku vitupu. Ukurasa mzima.

GUNVOR: Si nilikwambia utafute fonti ya Kigothi—

SIXTEN: Nimepakua tatu. Nimezisakinisha, nimezima, nimewasha. Visanduku vilevile.

GUNVOR: Labda umekosea. Wewe hata rimoti inakushinda.

SIXTEN: Dada, sikiliza. Fonti yake aliichonga mwenyewe zamani. Kila herufi aliipangia namba yake. Hizi za leo hazizijui namba zake.

GUNVOR: Basi washa ile kompyuta ya zamani.

SIXTEN: Aliitupa.

GUNVOR: Na karatasi?

SIXTEN: Alichana zote. Ule usafi wetu Waswidi wa uzeeni, dada, wa kutupa vitu kabla ya kufa. Alitaka sisi tusije tukahangaika na makorokoro yake.

GUNVOR: Na sisi tulimsifu, tukamletea na keki.

SIXTEN: Ndiyo.

GUNVOR: Anapapasa shuka, Sixten. Nadhani anatafuta pa kusoma. Nikimwonyesha hata neno moja—

SIXTEN: Nakumbuka lilivyoanza. *Aithei*.

GUNVOR: Mama, kwa Kigothi.

SIXTEN: Fonti mpya inakubali nikiandika mwenyewe. Ngoja... hapa kuna jedwali la herufi... moja... Mbona hii kama uma wa kula?

GUNVOR: Usinichekeshe, watu wanani— Sixten, fanya haraka.

SIXTEN: Nakaribia. Nisitume maandishi, simu yako nayo itatoa visanduku. Naipiga picha. [mkwaruzo] Haloo?

GUNVOR: Nesi! Samahani, nesi— subiri, Sixten.

SIXTEN: Nimetuma. Ikuze, herufi zijae kioo. Dada? Imefika? Dada, huo upepo wa nini? Uko nje?

GUNVOR: Niko hapahapa. Nesi amefungua dirisha.

SIXTEN: Na baridi yote hii? Atapata ma—

GUNVOR: Sixten. Kwetu nesi hufungua dirisha lini?

SIXTEN: Mtu akishafariki.

GUNVOR: Ameipa roho ya baba njia.

SIXTEN: Picha aliiona?

GUNVOR: Ndiyo kwanza inaingia sasa hivi. Ni nzuri. Kweli kuna uma.

SIXTEN: Navaa koti, nakuja.

GUNVOR: Endesha polepole, barabara ina barafu. Chaji ya simu yangu inaisha.

SIXTEN: Nizime hii kompyuta?

GUNVOR: Hapana, iache. Iache iwake na hilo neno—