Mama Pindo, Aliyelivika Suti Dude la Angani

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Pindo anastaafu baada ya miaka thelathini na moja katika chumba chetu cha mavazi. Jina hilo tulimpa kwa sababu hutazama pindo la suruali yako kabla hajakutazama usoni. Akiliona limefumuka, utavua, atashona, ndipo msalimiane.

Alianza kazi wakati kampuni yetu ikijaribu filamu yake ya kwanza ya kutisha, Mgeni Kutoka Nyota ya Saba. Tuseme ukweli, filamu ilikuwa ya hivi hivi tu. Chombo cha angani kilikuwa sufuria mbili zilizofunikana, na kamba iliyokivuta ilionekana vizuri kuliko baadhi ya waigizaji. Tegemeo letu lote lilikuwa dude lenyewe, lenye mikono mitatu, ambalo lilitakiwa kuwatimua watazamaji vitini.

Mwongozaji wetu, bahili wa maneno, alichungulia mlangoni akasema, "Kesho mgeni anaingia. Mshonee kitu. Mikono mitatu." Akaenda zake. Mama Pindo, mgeni wa kazi na jina la filamu hajalisikia bado, alielewa kama ambavyo mimi pia ningeelewa: kuna mtu wa heshima anakuja, na mkono wa tatu ni wa akiba. Akashona suti ya kijivu, yenye kizibao na mfuko wa leso. Mkono wa akiba akaupiga pasi, akaukunja pembeni.

Asubuhi yake mwongozaji alikuja juu kama moto wa kifuu. Muda wa kushona upya haukuwepo. Mama Pindo akatoboa suti ubavuni, akapachika ule mkono, akalifunga dude tai chini ya kichwa chake cha godoro la kijani. Dude likabisha hodi. Mwigizaji aliyecheza mama mwenye nyumba alipaswa kupiga yowe na kuzimia. Alipoiona suti ile akajisahau kabisa, akavuta kiti: "Karibu, baba, pita ndani."

Mkanda wa kurudia hatukuwa nao, kwa hiyo onyesho likabaki. Watazamaji walicheka hadi wakashika mbavu, kisha wakarudi na shangazi zao. Hakuogopa hata mmoja. Hadi leo watu wazima hutusimamisha njiani kuuliza habari za yule mwenye tai.

Lipo jambo moja ambalo halikuchekesha. Kwa hasira zake, mwongozaji hakuliweka jina la Mama Pindo kwenye majina ya mwisho wa filamu. Mchemsha chai alitajwa, na paka wa ofisini pia. Mama mzazi wa Mama Pindo alikuwa ukumbini na majirani, amependeza, akisubiri jina la bintiye. Walitoka majirani wakinong'onezana kwamba labda binti anafagia tu huko. Jina lake lilitokea kwenye filamu nyingi baadaye, lakini ile ilimuuma, na hakuwahi kuficha.

Tulipomuuliza anataka zawadi gani, sisi tumeshachagua jokofu, alisema anataka jina lake kwenye filamu ile, mama yake akiwa bado hai. Mwongozaji, siku hizi mvi tupu, ameliweka kwa mkono wake mwenyewe. Amemwomba radhi mbele yetu, kwa maneno mengi kuliko yote tuliyowahi kumsikia akisema.

Asante, Mama Pindo, kwa kila kifungo na kila karipio. Tutakukosa sana. Nenda ukapumzike kwa furaha, afya iwe tele, na macho yaendelee kuona tundu la sindano.

Filamu itaonyeshwa leo baada ya chakula. Bibi, mama yake Mama Pindo, ameshafika, yuko mstari wa mbele. Macho yake hayaoni maandishi tena. Kwa hiyo tunaombana: filamu ikiisha, asiondoke mtu. Jina likitokea, tulisome sote kwa sauti, polepole, mpaka Bibi asikie.