Nundu ya Tairi na Utumbo wa Baba

Ilianza Jumanne, saa kumi na moja kasorobo jioni, kwenye benchi lililo mbele ya karakana ya Kiraka, fundi tairi. Nilikuwa nimempelekea baba maharage, naye akalifunika bakuli bila kuonja. Baba ni fundi saa. Benchini wanamwita Majira. Miezi michache nyuma tumbo lilimkata upande wa kushoto, akalazwa, na daktari akaona vifuko vimechomoza kwenye ukuta wa utumbo mpana, kimoja kikiwa kimeingiwa na uchafu na kuvimba. Akaambiwa ale vyakula laini mpaka maumivu yaishe, kisha arudi taratibu kwenye maharage, mboga na nafaka zisizokobolewa. Maumivu yaliisha. Baba akabaki kwenye uji mwepesi, na suruali yake sasa inashikwa na kamba. Siku hizi anamsikiliza daktari mwingine: Kiraka.

— Usimlazimishe, binti, Kiraka alisema huku akimimina kahawa. Tairi ikitoa nundu unafanyaje? Unapunguza upepo, unapunguza mzigo. Ukiijaza, inapasuka.

— Baba si tairi, mjomba.

— Utumbo ni mpira tu kama mipira mingine.

— Mpira haujiminyi. Utumbo una msuli, unajiminya wenyewe kusukuma kilichomo. Kikiwa kingi na laini, kinapita bila shida. Kikiwa kidogo na kikavu, unajikaba kipande kwa kipande, presha inapanda hapo katikati, na ukuta unachomoza pale palipo dhaifu.

— Yaani kutokula ndiko kunajaza upepo? Duh! Chuo kimekuharibu, mwanangu.

Mahakama, karani mstaafu wa mahakama, alitua kikombe kwa kishindo.

— Nimesikiliza pande zote mbili. Vifuko hivyo si ugonjwa. Ni stoo. Mwili umeona mwenye mwili anazeeka, ukamjengea stoo.

— Ya kuweka nini? baba akauliza kwa hamu.

— Akiba, Majira! Ngamia ana nundu mgongoni, wewe umejaliwa za ndani.

— Lakini hata ngamia anakula, nikasema.

— Anakula porini, bila binti wa kumhesabia matonge.

Kiraka hakutaka kuachwa nyuma.

— Basi kama ni stoo, zisafishwe. Alale miguu juu, kichwa chini, zimwagike.

— Zimwagike wapi, wewe? Mahakama akauliza. Mdomoni?

Wote wakacheka, baba kuliko wote, mkono mmoja ukishikilia kamba ya suruali. Nilicheka pia. Kisha nikaona jinsi mifupa ya kifundo cha mkono wake ilivyochomoza, kicheko kikanikauka.

Mama mmoja aliyeleta baiskeli yenye pancha alikuwa amesimama kando akisubiri zamu yake. Hatukuwahi kumwona kabla ya siku hiyo.

— Samahanini, ndugu zangu. Huyu mzee mara ya mwisho alipata choo lini?

Kiraka akamtazama Mahakama. Mahakama akatazama kahawa.

— Jumamosi, baba alisema. Halafu akakunja uso. Hapana. Jumamosi nilienda, nikakaa, nikarudi. Kabla ya hapo... hebu ngoja.

Akahesabu kwa vidole, akaanza upya.

— Sasa mtu anakunywa uji mtupu, Kiraka akamtetea, kitoke nini?

Baba akamgeukia polepole.

— Kiraka, kama hakuna cha kutoka, huo msuli unaminya nini siku zote hizo?

Kiraka akainuka, akaanza kuvua tairi ya baiskeli.

Asubuhi iliyofuata nilimpeleka baba kliniki kabla hajafungua kibanda chake. Muuguzi alimpima joto, akambonyeza tumbo, akashauriana na daktari, wakasema hakuna homa, hakuna maumivu: aanze maharage leo, kidogo kidogo, na maji mengi. Nyumbani nikampa maharage yaliyoiva hadi kupondeka, na maganda yake yote. Alikula akinitazama kana kwamba mimi ndiye ningepasuka. Akanywa maji, akatembea uani, akanywa tena. Mara akaingia chooni haraka, nami nikamfuata, nikasimama mlangoni.

— Mwanangu, akaita kutoka ndani.

— Abee, baba! Unaumwa?

— Siumwi. Nenda zako. Kazi hii haihitaji msimamizi.

Nikaenda kuosha vyombo, polepole, bila kugonganisha hata kijiko, masikio yangu yakiwa kule kule.