Miaka Ishirini na Saba ya "Patli"

Bwana Manase Eliamini anastaafu tarehe 31 Machi 1955, baada ya kutumika miaka ishirini na saba kama karani na mkalimani katika ofisi yetu hapa Same. Nimepewa mimi kazi ya kuandika wasifu wake kwa sababu meza yangu imetazamana na yake kwa miaka kumi na miwili, na kwa sababu wenzangu wote walipoombwa walikumbuka ghafla kwamba wana kazi nyingi.

Aliajiriwa mwaka 1928, kijana wa milimani mwenye mwandiko mzuri na viatu vinavyong'aa. Mwaka huohuo akaokota neno la Kiingereza kwa Mzungu mmoja mpima ardhi. Ninaliandika kama lilivyotoka mdomoni mwake: patli. Maana yake ni kwa sehemu, si lote. Wengine tuliokota mafua kwa Mzungu yuleyule, tukapona. Yeye hakupona.

Ukimwuliza kama amekula, patli. Kama barua imepigwa chapa, patli. Ukimwuliza habari za nyumbani, wazima patli, ukabaki unawaza ni yupi kati yao yuko kitandani. Amiri mwenye mgahawa karibu na stesheni alimwuliza kama chai imekolea sukari, akajibiwa patli, akaongeza kijiko. Kesho yake vilevile. Siku hizi chai ya Bwana Manase haikorogeki. Mkewe, Bibi Ernesta, ameniambia mwenyewe kwamba aliacha kumwuliza maswali tangu mtoto wao wa pili.

Sasa tuje kwenye mafanikio. Mabwana Shamba watano wamepita hapa na wote walimsifu kwa uangalifu. Kwa miaka ishirini na saba hakuna aliyemkamata na uongo, na hilo ni kweli kabisa. Utamkamataje mtu ambaye hajawahi kulimaliza jambo analolisema? Faili lake ni safi, maana kosa linataka mtu wa kulisimamia. Alipandishwa cheo mara nne. Sisi wenye ndiyo na hapana zetu tupo palepale.

Ningeweza kuishia hapo tukanywa chai kwa furaha. Lakini kuna habari ya ndiva.

Kwa wageni wasioijua milima yetu, ndiva ni bwawa la udongo linalokusanya maji ya mfereji. Kabla ya masika pembe hupigwa, na kila nyumba hutoa mtu mmoja na jembe lake kwenda kutengeneza ukingo. Huo ndio msaragambo. Ndiva ya kijijini kwetu ilitunzwa na Mzee Melkizedeki, kama ilivyotunzwa na baba yake na babu yake.

Mwaka 1946 watu walitolewa kwenye msaragambo kabla haujaisha, wakapelekwa kuchimba barabara. Bwana Manase alipopanda kukagua, Mzee alimwambia mara tatu: upande wa juu uko tayari, upande wa mdomo wa maji haujaguswa, tunaomba watu warudi siku mbili tu kabla ya mvua. Bwana Manase akashuka Same. Bwana Shamba akamwuliza kama ukingo umetengenezwa. Patli. Kama Mzee anahitaji watu. Patli. Mzungu huyo akaona mambo yanakwenda, akawaacha watu barabarani.

Wiki ileile masika ilianza, na asubuhi moja ukingo ukapasuka upande wa mdomo. Maji yalichukua maharage ya mjane Eliwaza, jiko lake na mbuzi wake wawili. Mwenyewe alisalimika kwa sababu alikuwa amekwenda kwa jirani kuomba moto. Bonde zima likakaa msimu ule bila maji ya mfereji.

Kwenye baraza Bwana Shamba aliuliza kama Mzee Melkizedeki alitoa taarifa. Mzee alikuwa amesimama, kofia mkononi, anamtazama Bwana Manase usoni. Alihitaji neno moja tu. Tukasikia lile tulilolizoea. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika kumbukumbu, nikaliandika kwa herufi safi, nikanyamaza. Mzee akavuliwa kazi ya ndiva kwa uzembe. Kwa miaka tisa watu wanapita mlangoni kwake wakidhani ndiye aliyelala wakati ukingo unaoza. Mkewe, Bibi Dorkas, hajakanyaga msaragambo tena. Jambo hili lilinikera siku ile na linanikera leo.

Desturi ya ofisi yetu ni mstaafu kuusoma wasifu wake kabla haujapigwa chapa. Nilimpelekea Jumatatu nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi. Aliusoma amesimama, mpaka mwisho, kisha akarudi katikati akausoma tena. Nikamwuliza kama niliyoyaandika ni kweli, na nakiri nilikuwa tayari kucheka.

Alichukua kalamu yangu mezani. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba Mzee alimwambia mara mbili, kama nilivyosikia kijijini. Bwana Manase akaikata ile "mbili", akaandika "tatu", akatia sahihi pembeni. Kisha akaniambia kwa Chasu, lugha yetu ya milimani, nimwalike Mzee, na ukurasa huu usomwe mbele yake wote, usirukwe mstari.

Kwa hiyo Mzee Melkizedeki na Bibi Dorkas watakaa viti vya mbele leo, na tutasoma kabla ya chai. Miaka tisa ni mingi kwa neno moja, na mimi sijawa tayari kuisamehe. Kama Mzee atasamehe, hilo ni lake.

Ila kwa hiyo "tatu", ahsante, Bwana Manase. Ofisi nzima inakutakia maisha mema huko milimani, na safari hii tunakutakia yote.

Fanueli, karani wa pili